Tarehe Thelathini Novemba Hadi Itakapotangazwa Vinginevyo

Nchi ninayotaka kuisimulia haipakani na nchi yako, wala viongozi wake hawajawahi kukutana na viongozi wako isipokuwa kwenye mikutano, ambako walikaa meza moja na kuelewana vizuri sana. Nasema haya mapema kwa sababu nina familia.

Nchi hiyo ilikuwa na Kompyuta Kuu. Ilikaa ghorofa ya nne ya Wizara ya Mashine na Maadili, katika chumba chenye kiyoyozi, na kila jambo la taifa lenye tarehe lilikuwa ndani yake: nani kazaliwa lini, nani astaafu lini, mfungwa gani atoke lini, na Rais amalize muhula wake lini. Ilitumia Linux, mfumo ambao duniani kote hutolewa bure, jambo lililowahuzunisha sana watu wa idara ya manunuzi. Kila siku, bila kuombwa na mtu, kompyuta hiyo iliulizia huko nje kama kuna programu mpya, ikazichukua, ikaziweka mahali pake, na kuziba mianya ambayo wezi wangeweza kupitia. Hayo ndiyo yaliyoitwa masasisho ya kujiendesha. Kwa miaka mingi yalifanya kazi bila kasoro, na kwa kuwa hayakuonekana, hakuna waziri aliyepata nafasi ya kuyazindua.

Kisha yakakoma. Hilo nalo hakuna aliyeliona.

Kilichoonekana ni mbuzi.

Jumatatu moja asubuhi, waliofungua tovuti ya Ikulu walikuta mahali pa picha ya Rais pamekaliwa na beberu mwenye ndevu, amevishwa mkanda wa rangi za taifa. Rais wetu, samahani, Rais wao, aliitwa Baba Mlezi, na picha yake ilikuwa hapo tangu tovuti izaliwe. Beberu alikaa mpaka baada ya chakula cha mchana. Maofisa waliomwona mapema waliogopa kutoa taarifa, maana kutoa taarifa kulikuwa sawa na kukiri kwamba umeona tofauti.

Waziri wa Mashine na Maadili, Mheshimiwa Profesa Injinia Gwandumi Sengo, aliwaita waandishi wa habari jioni hiyohiyo. Uprofesa aliupata katika chuo ambacho kilifungwa kabla hajamaliza mwaka wa kwanza, na uinjinia alipewa na wapiga kura wake kwa kuwachimbia kisima, ambacho wataalamu wanasema siku moja kitakuwa na maji.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu imemwona mbuzi huyo, imemtafakari, na imejiridhisha kwamba si wa hapa nchini. Tunawaomba muwe watulivu. Yeyote atakayekutwa anacheka atahesabiwa kuwa mshirika wa mbuzi."

Soko la mifugo likafungwa. Mabeberu wote wenye ndevu wakapigwa picha, mbele na ubavuni, kwa ajili ya kulinganisha. Mwandishi mmoja, mgeni kazini, akauliza mbuzi aliingiaje. Waziri akageuka nyuma, akamtazama mhandisi wa Kompyuta Kuu.

Mhandisi huyo alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Sikudhani Chilongani. Alikuwa na shahada mbili za kompyuta, za kweli, na kwa shahada hizo wizara ilimpa kazi ya kuangalia kiyoyozi. Kuigusa kompyuta yenyewe hakuruhusiwa. Nywila alikuwa nayo mpwa wa Waziri, ambaye cheo chake kilikuwa Mkurugenzi wa Nywila.

"Masasisho ya kujiendesha yamesimama, Mheshimiwa," Sikudhani alisema. "Kuna mwanya ambao dunia nzima imeshauziba. Sisi hatujauziba."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nimeomba ruhusa ya kuangalia tangu mwaka jana."

"Ruhusa inashughulikiwa," Waziri aliwaambia waandishi, na mkutano ukaishia hapo.

Ikaundwa tume. Mwenyekiti alikuwa Waziri, katibu alikuwa mpwa wake, na Sikudhani aliingizwa kama mtu wa kujibu maswali iwapo yangetokea.

Tume ilianza na waya, kwa sababu waya unaonekana. Upande wa waya ulioingia kwenye kompyuta ulikutwa mzima, hivyo ikaonekana ni busara wajumbe wakaangalie na upande wa pili, ambao uko ng'ambo. Wakaenda wote na wake zao. Waliporudi walitoa taarifa kwamba upande wa pili nao ni mzima, hoteli yake ni nzuri, na katikati kuna bahari ambayo kwa ujumla ina maji.

Kisha Sikudhani akaruhusiwa kusogea karibu na skrini, akaonyesha kwamba diski imejaa. Programu mpya hazina pa kukaa. Ilijazwa na picha za Baba Mlezi akitabasamu, kila tabasamu likiwa na nakala kadhaa kwa usalama.

"Tukifuta zile zinazojirudia, nafasi itapatikana," alisema.

Mpwa wa Waziri alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Nani atafuta tabasamu la Baba Mlezi? Utafuta wewe? Utaweka sahihi yako?"

Hakuna aliyeweka sahihi. Ikafutwa orodha ya watoto waliopata chanjo, nafasi ikapatikana.

Hata hivyo masasisho hayakuja. Sasa kompyuta ilisema kwamba kuna programu nyingine imeshika kufuli, na mpaka iliachie hakuna kitakachoendelea. Sikudhani alijua ni jambo dogo, programu ya jana iliyokwama ikiwa imekamata mlango, unaisimamisha, unaendelea. Lakini neno kufuli lilikuwa limeshasikika, na watu wa Usalama walikuwa wameshatoka. Mafundi kufuli wa mji mzima walihojiwa kwa muda wa juma zima. Wawili walikiri.

Tume ikaandika kwamba tatizo limekwisha. Tatizo likaendelea.

Alhamisi ndiyo siku ambayo Sikudhani alikwenda gerezani kumwona mumewe.

Mumewe, Ndahani, alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi ya polisi. Siku moja ya sherehe bendi ilipiga wimbo wa taifa wakati jua ni kali, na Ndahani, ambaye viatu vyake vilikuwa vinambana, aliongeza mwendo kidogo. Bendi ikamfuata. Wimbo ukaisha kabla Baba Mlezi hajamaliza kusimama, akabaki ameinama katikati, si wa kukaa si wa kusimama, mbele ya mabalozi. Ndahani alishtakiwa kwa kosa la kuliharakisha taifa, akafungwa miezi sita.

Miezi sita ilikwisha. Ikaisha mingine sita, na zaidi. Kila Alhamisi Sikudhani alimuuliza ofisa wa zamu, Afande Mwajombe, kwa nini mumewe haachiwi, na kila Alhamisi Afande Mwajombe, mtu mpole mwenye sauti ya kutangaza misiba, alijibu hivyohivyo.

"Mfumo unasumbua, dada yangu. Jina lake halijatoka. Likitoka tu, mimi mwenyewe nitambebea mkoba."

Nchi nzima ilikuwa imezoea jibu hilo. Mzee aliyefuata pensheni aliambiwa mfumo unasumbua. Mama aliyetaka cheti cha mtoto aliambiwa mfumo unasumbua, na mtoto alikuwa ameshaota meno. Tarehe zilizochapishwa na kompyuta kwenye karatasi za serikali zilikuwa za ajabu, lakini makarani walizikata kwa kalamu wakaandika za kweli, na kwa kuwa makarani wa nchi hiyo walikuwa wakisahihisha mambo mengi kwa kalamu, hakuna aliyeshangaa.

Alhamisi hiyo Ndahani alikuwa amekonda zaidi. Alikaa upande wa pili wa wavu, mikono magotini, vidole vimetulia. Zamani vidole vyake havikuwahi kutulia.

"Mke wangu, hebu niambie kitu," alisema. "Mimi nilikuwa nikihesabu siku. Nikaona zimekwisha. Nikauliza, nikaambiwa bado. Nikahesabu tena. Sasa nimeacha, kwa sababu naona kama kichwa changu ndicho chenye makosa. Watu wote hawa wenye vyeo hawawezi kukosea, mimi peke yangu niwe sahihi."

"Kichwa chako hakina makosa."

"Basi leo ni mwezi gani?"

Sikudhani alifungua mdomo amjibu. Askari aliyesimama nyuma yao akasema muda umekwisha.

Alirudi ofisini moja kwa moja, hakupitia nyumbani. Mkurugenzi wa Nywila alimfungulia kompyuta, akiwa amefunika vidole vyake kwa leso asionekane anachoandika, kisha akaenda zake kunywa chai. Sikudhani akaiamuru kompyuta ijaribu masasisho kwa mara nyingine. Diski ilikuwa na nafasi. Kufuli lilikuwa wazi, alikuwa ameshalifungua mwenyewe. Waya ulikuwa umekaguliwa pande zote mbili na wake za wajumbe. Sasa, kwa kuwa vizuizi vingine vyote vilikuwa vimeondoka, kompyuta iliweza kusema kilichokuwa kikiisumbua tangu mwanzo. Ilisema kwamba orodha ya masasisho haiwezi kukubaliwa kwa sababu imetoka siku ambayo bado haijafika.

Alilisoma jibu hilo zaidi ya mara moja. Akaiuliza kompyuta leo ni tarehe ngapi.

Ikajibu: tarehe thelathini Novemba, mwaka juzi.

Nje ilikuwa Juni. Sikudhani alitazama simu yake, akatazama skrini, na kilichomjia kwanza hakikuwa masasisho wala mbuzi. Kifungo cha Ndahani kilipaswa kwisha Februari ya mwaka jana. Kwa kompyuta iliyosimama Novemba, Februari ilikuwa mbele, na ingebaki mbele milele. Mumewe hakuwa amesahauliwa na mtu. Alikuwa anasubiri mwezi ambao umekatazwa kufika.

Akairekebisha saa. Ikakaa sawa kwa kitambo cha kupepesa jicho, kisha ikarudi Novemba. Akairekebisha tena, ikarudi tena. Akatafuta ni nini kinachoirudisha, akakuta kijiprogramu kidogo, kimeandikwa vibaya, kimejaa makosa ya tahajia, kikiwa na jina la Utulivu. Kazi yake ilikuwa moja: siku ikikaribia kwisha, au mtu akiigusa saa, kiirudishe mwanzoni mwake.

Simu ya ukutani ikalia.

"Bi Sikudhani," ilisema sauti ya katibu muhtasi, "Mheshimiwa anakuhitaji. Na anasema saa usiiguse tena."

Waziri alimkaribisha kwa chai na korosho. Alikuwa mchangamfu, kama watu wanavyokuwa wanapokamatwa na mtu wasiyemwogopa.

"Wewe ni msomi mwenzangu," alisema, "kwa hiyo nitakueleza jambo zito. Unajua Katiba yetu?"

"Naijua, Mheshimiwa."

"Katiba aliiandika Baba Mlezi mwenyewe, enzi zake akiwa mwembamba. Akasema muhula wa mwisho wa Rais utakwisha tarehe thelathini Novemba itakapomalizika. Akasema na kifungu hicho kisibadilishwe na mtu yeyote, hata yeye. Sasa tarehe ile ilipokaribia tulipata wasiwasi. Sisi ni watu wa sheria, hatuwezi kuvunja Katiba. Tukaisoma upya, kwa unyenyekevu. Tukagundua kwamba inasema muhula utakwisha siku itakapokwisha, lakini hakuna mahali inaposema kwamba siku lazima iishe."

Sikudhani aliweka kikombe chini. "Mheshimiwa, kuna watu wako gerezani."

"Hakuna aliyemaliza kifungo. Iulize kompyuta."

"Kuna wastaafu hawajalipwa."

"Hawajafikisha umri. Hebu niambie, ni serikali gani nyingine duniani iliyowazuia wananchi wake kuzeeka?"

"Na waliokufa?"

"Wamezikwa kwa muda. Taratibu zitakamilishwa." Waziri akasukuma sahani ya korosho karibu naye. "Sikiliza. Mwezi ujao tuna Jubilei, wageni watakuja, na kabla yake nitayazindua masasisho. Mbuzi hatakiwi. Nataka masasisho yafanye kazi na tarehe ibaki palepale. Niliwaandikia hao jamaa wa ng'ambo wanaotengeneza programu hizi, nikawaambia kwa lugha ya kidiplomasia watutumie masasisho ya tarehe thelathini Novemba. Unajua walinijibu nini? Mstari mmoja. Tafadhali rekebisha saa yako. Nikataka tuvunje uhusiano wa kibalozi nao, nikaambiwa hawana ubalozi, ni watu tu wanaojitolea majumbani mwao. Dunia imeharibika."

Njia ilikuwepo, na Sikudhani aliijua.

"Inawezekana kuiamuru kompyuta isiangalie tarehe ya kinacholetwa," alisema. "Ipokee tu."

"Yaani ipokee kila kinachoingia bila kuuliza ni cha lini wala kwa nini?"

"Ndiyo."

"Mbona hiyo ndiyo sera yetu ya siku zote," Waziri akasema, akafurahi sana. Kisha akainamisha kichwa, kwa huruma. "Mume wako yuko ndani, sivyo? Yule wa ngoma. Ukifanikisha jambo hili siku ya uzinduzi, ataachiwa kesho yake asubuhi. Nakupa neno langu."

Sikudhani alishukuru, akatoka. Aliposhuka ngazi mpaka ghorofa ya pili ndipo alipoisikia ile ahadi vizuri. Kesho yake asubuhi. Akashika ukingo wa ngazi, akasimama hapo, watu wakimpita na mafaili yao.

Siku zilizofuata alifanya alichoagizwa. Aliiamuru kompyuta isiangalie tarehe, na orodha ya masasisho ya zaidi ya mwaka mzima ikafunguka mbele yake. Akaisoma yote, kwa kuwa ndiyo kazi aliyosomea na hakuwahi kuruhusiwa kuifanya. Mwanya alioingilia mbuzi ulikuwemo, pamoja na kiraka chake. Na humo humo katikati, ikiwa imekaa kimya kati ya programu ya herufi na programu ya sauti, kulikuwa na programu mpya ya saa. Walioitengeneza walikuwa wameibadilisha sana. Haikupokea tena saa kutoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Iliulizia saa huko nje, kwenye mashine nyingi za nchi nyingi, na kuamini kile ambacho nyingi zimekubaliana. Kijiprogramu cha Utulivu kilitegemea ile ya zamani. Kikikutana na hii kingekufa papo hapo.

Ingetosha amri ya mstari mmoja kuizuia programu hiyo moja ibaki nje. Mhandisi mtiifu angeiandika. Sikudhani aliiandika kweli, na kwa muda mrefu akaitazama bila kuituma. Aliogopa. Ikijulikana, asingefungwa miezi sita. Wala nchi ile haikuwa na siku za kutosha kumhesabia kifungo chake. Tena hakuwa mtu wa kupigania mambo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameangalia kiyoyozi, akapokea mshahara, akanyamaza, na kama Ndahani angekuwa nyumbani huenda angeendelea kunyamaza mpaka leo.

Akaifuta ile amri.

Alhamisi alikwenda gerezani. Askari alikuwa amesimama karibu, akisikiliza, kwa hiyo alimwambia mumewe neno moja tu, kwamba anyoe ndevu na shati lake alifue.

"Kwa nini?" Ndahani akauliza.

"Limechafuka."

Siku ya uzinduzi ilifika, kwa hesabu ya mtaani. Mbele ya wizara palijengwa jukwaa na skrini kubwa. Masasisho ya kujiendesha, kwa asili yake, hayahitaji kuanzishwa na mtu, lakini Waziri alikataa katakata kuzindua kitu kinachoweza kufanyika bila yeye, kwa hiyo wizara ilitengeneza kitufe chekundu chenye ukubwa wa sinia, kikaunganishwa na kompyuta ili kidole cha Mheshimiwa ndicho kianzishe kila kitu. Baba Mlezi aliletwa akakalishwa kwenye kiti kikubwa. Alionekana mwenye furaha. Kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka alikuwa akiambiwa ndiyo siku yake ya mwisho madarakani, na kila asubuhi alipewa keki.

Waziri alihutubia.

"Maadui zetu walidhani wataturudisha nyuma," alisema. "Nataka niwaambie hatuwezi kurudi nyuma. Na kwenda mbele nako tutakwenda tutakapoamua wenyewe. Kompyuta hii itajisasisha yenyewe, kwa hiari yake, chini ya usimamizi mkali. Kwa kidole hiki, na kwa ridhaa ya Baba Mlezi, naliingiza taifa katika wakati wa sasa."

Akabonyeza.

Mistari ikaanza kupita kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, kila programu na jina lake. Wageni waalikwa, ambao hawakujua ni nini, walipiga makofi kwa kila mstari. Sikudhani alisimama pembeni ya jukwaa. Akauona mstari wa programu ya saa ukipita. Ukapigiwa makofi kama mingine. Kisha kompyuta ikajizima ili ijiwashe upya, skrini ikawa nyeusi, na bendi ya polisi ikapiga kitu cha taratibu.

Ilipowaka, pembeni juu ilionyesha tarehe. Ilikuwa ya Juni, ya mwaka huu.

Kisha, ndani ya jengo la wizara, printa moja ikaanza kulia. Ikafuata nyingine. Kompyuta ilikuwa inaishi kwa mpigo siku zote ilizonyimwa. Watoto walizaliwa, wazee wakastaafu, marehemu wakaruhusiwa kufa, leseni zikaisha, mikataba ikaisha, vifungo vikaisha. Katika gereza la mji, mashine iliyokuwa imefunikwa kwa gunia ilitoa majina mpaka karatasi ikakwisha, ikaombewa nyingine.

Waziri ndiye aliyeelewa kwanza. Alimnyooshea Sikudhani kidole kilekile. "Mkamateni huyu mwanamke," alisema.

Kamanda wa ulinzi hakusogea. Alikuwa ameshika kishikwambi chake, anasoma, midomo ikimchezacheza.

"Mheshimiwa, hapa inaonyesha muhula wa Rais ulikwisha mwaka juzi," alisema. "Na baraza lake lote. Huna mamlaka ya kutoa amri."

"Mfumo unasumbua," Waziri akasema.

"Hilo ndilo tulilokuwa tunaambiwa tuwaambie wananchi. Sasa na wewe ni mwananchi."

Msaidizi akamwinamia Baba Mlezi, akamnong'oneza yaliyotokea. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama chakula cha mchana bado kipo. Akaambiwa kipo. Akatulia.

Sikudhani hakungoja chakula. Alikwenda gerezani kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, na alipofika lango lilikuwa wazi na watu walikuwa wanatoka kwa makundi, wengine wakiwa na vibegi, wengine mikono mitupu, wakisimama hatua chache nje kana kwamba kuna wa kuwaita warudi. Afande Mwajombe alikuwa mlangoni anasoma majina kutoka kwenye karatasi ndefu iliyoburuta chini. Alitii karatasi ileile kwa moyo uleule aliotii ukimya wake.

"Ndahani," alisoma. Kisha akanyanyua macho, akamwona Sikudhani, akaenda kweli kuuchukua mkoba.

Ndahani alitoka amenyoa, shati limefuliwa, bado bichi mabegani. Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa hivyo mbele za watu. Alisimama karibu naye, akatazama barabara.

"Leo ni lini?" akauliza.

Alimwambia siku, mwezi na mwaka. Ndahani alihesabu kwa kukunja vidole, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Basi nilikuwa sahihi," alisema. "Nilikuwa sahihi siku zote."

"Ulikuwa sahihi."

Wakaondoka, Ndahani akiwa mbele kidogo, akitembea haraka.

Ningependa kukuambia kwamba wakubwa waliona aibu. Jioni ya siku hiyohiyo televisheni ya taifa ilionyesha kidole cha Gwandumi Sengo kikibonyeza kitufe, kwa mwendo wa taratibu, kutoka pembe mbalimbali, na kumtangaza kuwa Mkombozi wa Tarehe. Alisema alikuwa amelipanga jambo hilo moyoni kwa muda mrefu na alisubiri wakati mwafaka. Uchaguzi ulipoitishwa aligombea kwa alama ya kidole. Wazee waliolipwa pensheni zao walimpigia kura kwa machozi. Akashinda.

Sikudhani alipandishwa cheo, akawa Mhandisi Mkuu wa kituo kipya mpakani ambacho hakijafikiwa na umeme. Aliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo. Sasa yeye na Ndahani wanaishi upande wa pili wa mpaka, katika mji mdogo. Yeye anatengeneza kompyuta za shule na maduka, mumewe anafundisha bendi ya kanisa, na wameacha kusikiliza taarifa ya habari.

Kwa hiyo huenda hawakusikia kwamba Rais Sengo alijifunza kutokana na makosa ya waliomtangulia. Aliona ni hatari kwa taifa kutegemea mashine. Katiba mpya inasema wazi kwamba Rais atakaa madarakani miaka mitano tu, bila nyongeza yoyote, na miaka hiyo itahesabiwa kuanzia siku ambayo Rais mwenyewe atatangaza kwamba hesabu imeanza.

Hesabu bado haijaanza. Rais ameeleza kwamba ni suala la kitaalamu lisilotaka pupa, na ameunda kamati ya wabobezi kupendekeza namba ya kuanzia. Taarifa ya awali imeshatolewa. Wajumbe wamegawanyika, ingawa wapo wachache wanaoelekea kwenye moja.